Usiguse Mfumo Ijumaa Jioni

Ofisi ya Morogoro mjini ikishatamka "sistimu iko chini, njoo Jumatatu", lawama hupandishwa mlima Uluguru: mvua, radi, umeme. Mlima hauna mdomo wa kujitetea. Mimi naona mtuhumiwa wa kwanza awe yule aliyeamua kuboresha kanzidata Ijumaa jioni, tarehe 30, bila kuacha njia ya kurudi kwenye toleo la zamani. Atasema, "Nakala rudufu ipo." Ipo wapi? Kwenye flashi ya mhasibu, pamoja na video ya sendofu, na haijafunguliwa hata mara moja. Nakala huanza kuhesabika ikisharejeshwa kwenye kompyuta nyingine na ripoti ya mwezi uliopita ikatoka na jumla ileile hadi senti. Kwamba biashara ndogo haina fedha ya seva ya pili, sawa. Kompyuta kuukuu iliyolala stoo inatosha. Tena ripoti ndizo za kuogopwa zaidi, maana kanzidata ikifa watu hupiga kelele, ilhali ripoti hudanganya kwa adabu. Toleo jipya likija na mpangilio wa tarehe wa Kimarekani, kabichi za Mgeta zilizouzwa 3/4 zinahamia Machi 4, bosi anampongeza mtu wa mauzo, na mzigo wa tarehe 13 unakataliwa kwa kuwa mwaka hauna mwezi wa 13.

Basi tusiuguse mfumo kabisa, wengine hushauri. Ushauri huo ungetuweka gizani. Mita za umeme za LUKU hufuata kiwango cha kimataifa kilichohesabu dakika tangu mwanzo wa 1993, na nafasi ya kuhesabia ilikuwa ya dakika milioni 16.8 hivi, zikiisha 24 Novemba 2024. Mita isiyosasishwa ingekataa umeme mpya. Nchi haikuzimwa usiku mmoja: mteja wa Kihonda alinunua umeme kama kawaida, akapewa namba tatu za tarakimu 20 kila moja, mbili za kuibadili mita na ya tatu ya umeme wenyewe. Kubonyeza tarakimu 60 kwa tochi ya simu ni adhabu, sibishi. Lakini aliyekosea alibaki na giza lake. Jirani aliendelea kutazama mpira. Utaniambia ofisi si mita, haibadilishwi mteja mmoja mmoja. Hubadilishwa stoo moja moja. Anza na ya Mgeta, Jumanne asubuhi, nyingine ziendelee na mfumo wa zamani. Kitufe cha kuchapa risiti kikipotea, atakayepiga simu kufoka ni mtunza stoo mmoja.