Mhadhara wa Bingwa wa Kujipachika Juu ya Mti wa Beberu

Mabibi na mabwana, nanyi watoto mliofuata soda: aliyesimama mbele yenu ni bingwa wa mti uitwao Terminalia ferdinandiana. Rudieni kwa sauti! Basi, acheni, mtang'oka meno.

Mti huu huota kaskazini mwa Australia, toka Kimberley hadi Arnhem Land. Mimi sijafika huko. Mwosha maiti naye hajafa, na kazi anaijua.

Tunda lake ni pingili ya kidole tu, kijani iliyopauka kuelekea njano, kokwa kubwa, nyama haba, uchachu wa kukunja uso. Wabardi, wenyeji wa huko, huliita gubinge. Tangu enzi na enzi wenyeji hulila porini, na gamba la ndani la shina hulitumia kutibu vidonda na majipu. Lakini hawakuchapisha kadi za biashara! Ndiyo maana jina la kitaalamu lilimwendea Ferdinand von Mueller, Mjerumani aliyesomea ufamasia, na walowezi wakaliita tunda "plamu ya beberu". Beberu wa mbuzi, mwenyekiti, usinikodolee macho.

Mwaka 1982 wanasayansi wa Sydney walitangaza kwamba gramu 100 za tunda hili zina vitamini C kati ya miligramu 2,300 na 3,150. Chungwa lina kama 50. Nami utafiti huo nimeuthibitisha binafsi: nimeusoma mara mbili.

Baadaye kampuni moja ya vipodozi ya Marekani ikaomba hataza ya dondoo la tunda hilo, na watu wakaja juu. Mimi nilitokwa na machozi. Kwa nini wameniwahi?

Hata hivyo, tusikate tamaa. Mti huu una ndugu yake hapa hapa pwani, naye ni mkungu. Jenasi moja, damu moja! Kwa elimu hiyo nimewachemshia chupa hizi mnazoziona...

Naam, yule bibi wa nyuma. Shikamoo. Unasema nini? Mkungu wa uani kwako umeukuta jana alfajiri umechunwa magamba hadi kiunoni?

Bibi yangu, sayansi haina ua. Chupa shilingi elfu tano. Picha ya kwenye kibandiko ni yangu, mti haukupata nafasi.