Jinsi ya Kulimaliza Soko la Gwangjang kwa Saa Moja

Soko la Gwangjang liko Jongno, katikati ya Seoul, na limekuwa likifanya biashara tangu mwaka 1905. Wenyeji huja hapa jioni, wakaagiza sahani moja, wakakaa nayo mpaka usiku uingie. Huo ni uvivu. Wewe umelipa nauli ya ndege, basi la watalii linaondoka baada ya saa moja, na huko mtandaoni watu wanasubiri picha. Ukifuata mwongozo huu utaondoka umekula kila kitu bila kuonja chochote.

Kabla ya kutoka hotelini

Shiba kwanza. Kifungua kinywa kimeshalipiwa, na kukiacha ni hasara. Kisha chagua Jumamosi mchana, wakati Seoul yote imepata wazo kama lako. Panda treni ya chini ya ardhi, njia namba 1, ushuke Jongno 5-ga. Usipoteze muda ghorofani kwenye maduka ya hariri na ya hanbok, yale mavazi yao ya sherehe. Ni kweli soko hili jina lake limejengwa na vitambaa, lakini hariri hailiki.

Hatua ya kwanza: Simama katikati ya njia

Vichochoro vya chakula ni vyembamba: mabanda katikati, benchi pande zote, watu wakipita mgongo kwa mgongo. Mahali pazuri pa kupigia picha ni pale vichochoro vinapokutana. Simama hapo, inua simu, rudi nyuma hatua mbili bila kugeuka. Ukisikia mtu anapiga kelele, huenda ni mhudumu mwenye sinia la mabakuli ya supu inayochemka. Mwombe naye atabasamu.

Hatua ya pili: Bindaetteok, lakini ipoe kwanza

Hiki ndicho chakula kilicholipa soko umaarufu. Mbele ya banda kuna mawe ya kusagia yanayozungushwa na mota. Muuzaji anatia choroko zilizolowekwa juu, na rojo zito la rangi ya krimu linateremka pembeni polepole. Rojo hilo huchanganywa na chipukizi za choroko na kimchi, likamiminwa kwa upawa kwenye bamba pana lenye mafuta mengi. Kinachotoka ni ndugu wa bagia aliyelala chali: bapa, mpana kuliko kiganja, ukingo mkavu wa kahawia, katikati laini. Huliwa na vipande vya vitunguu vilivyolowekwa kwenye mchuzi wa soya na siki.

Ukingo ule hulia mdomoni kwa dakika chache tu baada ya kutoka kwenye mafuta. Dakika hizo zitumie kutafuta mwanga mzuri wa picha. Ukimaliza, kitakuwa kimelegea vya kutosha kukuthibitishia kwamba sifa za watu huwa zimetiwa chumvi.

Hatua ya tatu: Usikae kwenye benchi

Benchi ni mtego. Wakati wa baridi huwa linapashwa moto kwa umeme, na mtu akishakaa hapo haondoki. Muuzaji, ambaye wateja humwita imo, yaani mama mdogo, hata kama ndiyo kwanza wanamwona, atapigapiga ubao kwa kiganja kukuonyesha pa kukaa. Jirani wa kushoto atasogeza kiwiko, wa kulia atasogeza chupa. Muuzaji atakata chakula chako kwa mkasi, chapchap, akusukumie vijiti vya chuma. Kufumba na kufumbua umeshaanza kuishi pale.

Afadhali msimame. Mkiwa watano, agizeni sahani moja na uma tano, kisha mzibe nafasi ya wateja watano. Na muuzaji usimwite imo. Mpungie noti.

Hatua ya nne: Mdharau pilipili

Tteokbokki ni vipande vya unga wa mchele, mviringo na vya kuvutika, vinavyochemka taratibu kwenye mchuzi mwekundu. Wekundu huo unatokana na gochujang, rojo la pilipili, mchele na soya lililochachushwa kwa miezi. Tangaza kwamba umekulia kwenye pilipili kichaa, kwa hiyo mambo haya ni ya watoto. Utamu wa gochujang utatangulia ili kukuunga mkono. Moto utafuata baadaye, ukishajaza mdomo.

Hapo usikumbuke kwamba pilipili yako na yao zote asili yake ni Amerika, na kwamba zilivuka bahari baada ya safari za Columbus. Hazijuani, lakini zinafanya kazi moja. Kimbilia supu ya eomuk, ile mishikaki ya keki za samaki iliyosimama kwenye sufuria jirani. Supu hutolewa bure kwenye kikombe cha karatasi. Nayo inachemka.

Hatua ya tano: Uliza halali baada ya kumeza

Sundae ni utumbo wa nguruwe uliojazwa tambi na damu. Bindaetteok nazo mara nyingi hutiwa nyama ya nguruwe, na ndani ya gimbap kunaweza kufichwa kipande cha soseji. Swali hili kawaida huulizwa kabla. Lakini ukiuliza kabla utalazimika kuchagua, na mwongozo huu hauamini katika kuchagua. Mwislamu mwenye subira angekwenda Itaewon, ambako mikahawa ya halali imezunguka msikiti uliofunguliwa mwaka 1976, akala kwa raha zake. Lakini Itaewon ni nauli nyingine, na basi linaondoka.

Gimbap ya hapa ni wali uliozungushiwa mwani, vipande vyembamba vya kuchovya kwenye soya na haradali. Kama umetoka Paje, kule Zanzibar, mweleze jirani kwa kirefu kwamba kwenu mwani unalimwa ili uuzwe nje, hakuna anayeufungia wali. Hakukuuliza, lakini mdomo wake umejaa, hawezi kukukatiza.

Hatua ya sita: Pweza

Sannakji ni pweza mdogo aliyekatwakatwa sasa hivi, vipande bado vinajinyonganyonga kwenye mafuta ya ufuta. Hapa kejeli inasimama kidogo: tafuna, tena tafuna sana. Vikombe vya mikono yake hunata hata baada ya kukatwa, na wapo waliopaliwa wakafa. Ukishatafuna, tunaendelea na upuuzi.

Hatua ya saba: Foleni ndefu ndiyo yenyewe

Banda moja la kalguksu, tambi zinazokatwa kwa kisu na kutumbukizwa kwenye supu, lilionyeshwa na Netflix mwaka 2019. Panga foleni hapo. Jirani kuna mabanda mengine yanayokata tambi kwa kisu vilevile, na yana nafasi. Yaache. Nafasi tupu maana yake ni kwamba hakuna aliyekuambia uketi hapo, na wewe mwenyewe huna mamlaka hayo.

Hatua ya nane: Kulipa

Mwaka 2023 watu walilalamika kwamba baadhi ya mabanda hapa yanatoza bei kubwa kwa sahani ndogo, na jiji likatangaza mpango wa kuyataka yaonyeshe kiasi cha chakula. Kwa hiyo usiangalie ubao wa bei kabla ya kuagiza. Uangalie baada ya kula, kisha ushangae kwa sauti. Chakula kilichoshaliwa hakirudishwi, na bei yake haipunguzwi, lakini utakuwa umepata cha kusimulia.

Onyo la mwisho

Kuna wageni wanaoshindwa na mwongozo huu kwenye hatua ya pili. Wanafika, wanasikia mafuta yanachacharika, wanakaa. Wanakula bindaetteok moja ya moto, wanaagiza nyingine, muuzaji anawaongezea vitunguu bila kuombwa, mzee wa pembeni anawaonyesha namna ya kushika vijiti. Basi linawaacha. Hawana picha ya pweza, foleni hawakupanga, na kati ya vyakula vyote vya soko wanakijua kimoja tu. Ukiwakuta, pita haraka, na usithubutu kuwaomba wakusogezee nafasi. Watakusogezea.