Fadhila za Picha Zisizotazamwa

Haifai hata kidogo kuwalaumu wenyeji wa Mtito Andei, mji ulioketi takriban nusu ya njia baina ya Nairobi na Mombasa, kwa kuwa wamezitoa picha za wazee ukutani na kuzihamishia simuni, kwani ni nani mwenye akili timamu atakayeridhia kutazamwa wakati wa chakula na babu aliyevaa koti la sufu katika joto lile, amesimama wima mbele ya bahari iliyochorwa kwenye pazia la studio? Picha za simu zina adabu: hukaa kimya kwa maelfu, hazidai fremu wala kupanguswa vumbi, na simu itumbukiapo ndooni hutoweka zote kwa pamoja, pasina ugomvi wa mirathi. Maktaba ya Iskandaria, yasemekana, ilihitaji moto na majeshi.

Na zile barafu za nyumbani, za ukwaju na za maziwa, zilizogandishwa vifukoni na kunyonywa kwa kutoboa pembe kwa jino, taadhima yake i wapi? Aiskrimu ya leo hupigwa picha kwanza, kutoka kila upande, hata ikayeyukia kiganjani kwa hisani ya jua la Tsavo, na mlaji akasalia na ushahidi kamili kwamba alikaribia kuila. Bibi, ambaye hakupata kuipiga picha hata barafu moja, atathibitishaje kwamba zake zilikuwa tamu? Ana wajukuu tu. Na ushahidi wa jamaa, kama ajuavyo kila hakimu, una upendeleo.