Ng'onda Hakunjiki

Watu wenye adabu wakialikwa kwenye bustani ya mtu husifia maua. Sisi wenye ugonjwa wa bonsai, ile miti inayotunzwa midogo chunguni, huomba kuonyeshwa nyuma ya banda, kule zinakotupwa mashine mbovu za kukatia majani, viti vya miguu mitatu na, Mungu akijalia, miti ya vyungu iliyosahauliwa tangu mwenyewe alipoanza kuumwa magoti. Hapa Uingereza mti wa namna hiyo mara nyingi huwa ni mmepo wa Kijapani, ndugu yake ule wenye jani kwenye bendera ya Kanada. Watu huununua kwa sababu ya majani yake mekundu ya vuli. Huuweka mlangoni, upepo na jua vikaunguza ncha za majani, wakauchoka, ukapelekwa nyuma.

Ya kwangu niliipata kwa jirani yetu hapa Reading, mzee aliyekuwa akihamia kwa bintiye. Alisema tuichukue, la sivyo ataita gari la taka. Mke wangu akasema gari la taka ni wazo zuri sana. Mimi nikawa nimeshakwenda kutafuta toroli.

Mtu asiyejua hudhani mti uliotelekezwa ni hasara. Mche mpya wa dukani una shina la unene wa penseli, na kulinenepesha mpaka lionekane la mti mzee ni kazi ya miaka mingi. Mti uliosahauliwa umeshaifanya kazi hiyo bila kumsumbua mtu. Mmoja wa ile ya mzee ulikuwa umepenyeza mzizi kwenye tundu la maji chini ya chungu, ukajichimbia ardhini, ukawa unakula kwa mlango wa nyuma huku kila mtu akiuonea huruma kwamba unakufa njaa. Shina lake lilikuwa nene kuliko kifundo cha mkono wangu.

Taabu ni kwamba wahenga walituagiza tumkunje samaki angali mbichi, na hawa walikuwa ng'onda. Tawi la umri huo ukilizungushia waya na kulipinda, halibishani nawe, linakatika. Mti mzee unataka msumeno. Unakata shina juu kidogo ya tawi dogo unalotaka liwe kilele kipya, unapaka dawa kwenye kidonda, halafu unakaa kimya kwa mwaka mzima, jambo ambalo kwa mtu wa kwetu ni gumu kuliko msumeno. Tena mti wenyewe una masharti: ukiukata utomvu unapopanda, mwishoni mwa baridi, kidonda kinachuruzika mchana kutwa, na kila jirani anayepita anakuuliza mti unalilia nini.

Mizizi ina majira yake: vichipukizi vikianza kuvimba kabla havijafunguka, yaani Machi, baridi ikiwa bado inauma masikio. Chungu cha kwanza kilikataa kuuachia mti, kikavunjwa kwa nyundo. Ndani, mizizi ilikuwa imejizungusha mpaka udongo hauonekani. Unaichambua kwa kijiti, mmoja mmoja, kutoka shinani kwenda nje, ile minene inayokwenda chini unaikata, ile myembamba ya pembeni unaitandaza. Katikati ya kazi wakaanza kudondoka funza weupe, wanene, waliojikunja nusu duara, vichwa vya hudhurungi. Ni watoto wa fukusi. Hutafuna mizizi kimyakimya mpaka siku mti mzima unakubakia mkononi. Mke wangu alikuwa amekuja kuuliza kama nitakula sasa au baadaye. Aliwatazama, akarudi ndani bila kuuliza.

Halafu kuna akadama, udongo wa punje ngumu kutoka Japani, ambao bei yake nimeificha nyumbani hadi leo. Lazima uchungwe ili vumbi litoke, maana vumbi likibaki maji hayapiti na mizizi inaoza. Nyumbani kwetu chungio ni moja. Niliosha vizuri sana, kwa maji ya moto. Ijumaa wali wa nazi ulikuwa na punje, na wageni wetu, watu waliolelewa Zanzibar, wakatafuna kwa heshima zote wakasema mchele wa siku hizi hauchambuliwi vizuri. Tangu siku hiyo chungio linalala chumbani, upande wa mke wangu.

Oktoba shangazi akaja kututembelea kutoka Tanga. Baada ya shikamoo na marahaba alitoka uani, akasimama mbele ya mmepo wenye majani mekundu juu na ya kijani chini. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu.

"Huu ni wa kubebesha," akasema. "Chini limau, juu chungwa. Limau limeachiwa, sasa linataka kumla mwenzake."

Shangazi ana miti ya machungwa Muheza; huwezi kumfundisha kubebesha. Na ndivyo ilivyo: mimepo mingi yenye majani mekundu hupachikwa kwenye shina la mmepo wa kawaida, na usipoondoa machipukizi ya chini, ule wa kawaida unatawala. Akaomba mkasi, akayaondoa yote pale pale. Kisha akauliza kama ni kweli tunaudumaza mti makusudi, na mti ulitukosea nini.

Nikamwambia haudumazwi kwa njaa: unapewa mbolea, unanyweshwa hata mara mbili kwa siku wakati wa joto, ila unapogolewa. Nikamsimulia kijiji cha bonsai cha Omiya, kilichoanzishwa 1925 na wakulima waliotoka Tokyo baada ya tetemeko kubwa la 1923, ambako sharti la kuhamia lilikuwa kuwa na miti isiyopungua kumi. Sauti ikatoka jikoni: "Usimsikilize, shangazi, anatafuta kibali." Nikaendelea na msonobari wa ukoo wa Yamaki, unaotunzwa chunguni tangu 1625. Mwaka 1945 bomu la Hiroshima lilipolipuka, ulikuwa kama kilomita tatu tu kutoka hapo, ukapona. Mwaka 1976 ukapelekwa Marekani kuwa zawadi, na huko Washington hawakujua kwamba ulinusurika bomu mpaka wajukuu wa mtoaji walipokwenda kuutazama mwaka 2001.

Shangazi alinyamaza kidogo. "Wakupige bomu, uwape zawadi, na usiseme? Huyo mzee alifundwa."

Januari nikasafiri kikazi siku chache, na taarifa ya hali ya hewa ikatangaza theluji. Shangazi, aliyekuwa akivaa koti mpaka kitandani, aliuona mti mdogo kuliko yote umesimama nje uchi, bila jani hata moja. Akauingiza sebuleni, akauweka pembeni ya hita, akawa anaunywesha maji ya uvuguvugu. Sasa mmepo bila baridi haulali, na ukishapata joto baada ya baridi unaamini Aprili imefika. Niliporudi ulikuwa umevaa majani mapya, membamba, mekundu, yanapitisha mwanga.

"Si ulikuwa umekufa?" akasema. "Nimekufufulia."

Majani ya namna hiyo jalidi ya usiku mmoja inayamaliza, kwa hiyo mti haukuweza tena kulala nje. Mpaka Aprili ya kweli ilipofika, mmoja wetu alikuwa akiutoa asubuhi na kuuingiza jioni, na mke wangu alihesabu mbele za watu ni mara ngapi mtoto wetu mwenyewe alipata kuoteshwa jua kwa ratiba ya namna hiyo.

Shangazi alirudi Tanga mwezi Machi. Alitaka kuondoka na mmoja; nikamweleza kwamba kule hautapata baridi ya kuulaza, utachoka na kufa. Hakujibu. Wiki iliyopita amenitumia picha. Ni mkwaju uliojiotea kwenye ufa wa ukuta wa nyuma, ambao mbuzi wa jirani wamekuwa wakiupogoa kwa miaka bila malipo. Ameung'oa pamoja na kipande cha ukuta, ameupanda kwenye sufuria iliyotoboka. Shina limepinda vizuri mno, gome limepasuka, na katika wiki chache tu umeshachipua kila upande. Anataka nimtumie waya wa aluminiamu, mkasi kama ule wangu, na chungio la kwake.