Kompyuta Tatu, Jina Moja

Mtaani Laini Saba mtu hajibadilishi jina, hubadilishiwa. Mwanamke akijifungua leo, jina lake la ubatizo linastaafu, na kufikia jioni hata muuza mandazi kando ya reli anamwita Mama Fulani. Kompyuta haina bahati hiyo.

Saiba ninayoihudumia ilikuwa na mashine tatu zilizonakiliwa kutoka diski moja, zote zikiitwa ubuntu. Huduma ya Linux inayotangaza majina haitaki yagongane kwenye mtandao wa ndani: inayowahi kuwaka hubaki ubuntu, inayofuata hujiita ubuntu-2, ya mwisho ubuntu-3. Basi ile yenye printa iliamka na jina jipya kila ilipochelewa kuwashwa, na wateja wakawa wanachapisha kwa kubahatisha.

"Fundi, ipatie jina lake," mwenye saiba akaagiza. "Liwe la heshima: Ofisi Kuu ya Laini Saba."

"Mama, jina la mtandaoni halikubali nafasi. Ni herufi, tarakimu na kistari tu, na zote zisizidi 63."

"Sitini na tatu! Hiyo ni ukoo mzima."

Tukakubaliana: ofisi-kuu.

Amri yenyewe ni fupi: sudo hostnamectl set-hostname ofisi-kuu. Jina likaingia kwenye /etc/hostname. Likabaki kuandikwa kwenye /etc/hosts, na hapo ndipo stima ikapotea. Iliporudi, kila nikiandika sudo mashine inalalamika kwanza kwamba haimjui huyo ofisi-kuu, ilhali ni yenyewe. Nikarekebisha mstari wa 127.0.1.1, ikatulia.

Wenzake wawili, lakini, hawakuwa wameambiwa. Waliendelea kutuma kazi kwa ubuntu, na kwa kuwa jina hilo sasa lilikuwa wazi, mmoja wao alishalirithi. Akawa anajitumia karatasi mwenyewe, anajikatalia, anajaribu tena. Kijana aliyeketi hapo na CV yake, kuona kimya, akabofya. Akabofya tena. Kisha akabofya kwa hasira.

Nilipozielekeza mashine zote kwa ofisi-kuu.local, foleni ilifunguka kwa mpigo. CV zikatoka, zikajaa trei, zikamwagika hadi sakafuni.

"Kila karatasi shilingi kumi," mama akasema, akiziokota.

"Lakini mimi niliomba moja!"

"Hizi zote zimefika Ofisi Kuu kwa jina lako."

Kijana akaitazama mashine, akamtazama mama. "Kama zimefika Ofisi Kuu, basi naanza kazi lini?"