Dera la Milioni Moja na Nusu

"Dera milioni moja na nusu? Limefumwa kwa dhahabu?"

Mama mmoja wa Mbagala alimtumia mwenye duka ujumbe huo, na mwenye duka akanirushia mimi, fundi wa tovuti yake, bila hata salamu. Bei yenyewe ilikuwa TZS 15,000.00. Kioo cha simu ya yule mama kina ufa, nao ulipita palepale kwenye koma na nukta. Kilichobaki ni moja, tano na msururu wa sifuri.

Sifuri mbili za mwisho hazikutoka kwangu. Ukikipa kivinjari 15000 na kukiambia hizi ni shilingi za Tanzania, kinafuata orodha ya kimataifa ya ISO 4217, ambayo bado inaamini tunatembea na senti mfukoni. Kwenye orodha hiyohiyo, shilingi ya Uganda haina senti. Wenzetu wameambiwa ukweli, sisi tunabembelezwa.

"Futa senti," bosi akaagiza. "Zote. Popote."

"Dada, una wateja Muscat."

"Senti ni senti."

Haya. Nikaweka desimali ziwe 0 kwa kila sarafu. Sasa riali ya Oman ina baisa 1,000, ndiyo maana huandikwa kwa tarakimu tatu baada ya nukta. Dera la kwenda huko, pamoja na nauli, lilikuwa riali 4.500. Kivinjari kikalikadiria juu: 5. Malipo yakakatwa 4.500 vilevile. Jioni ikaingia simu ya bibi mmoja, Kiswahili cha Unguja kitupu: "Mwanangu, mmeandika tano, mmechukua nne na nusu. Hizo baisa mia tano mmenitolea sadaka?"

Nikarudisha .500 yake. Heri hatuna mteja Ujerumani: kule nukta hutenganisha maelfu, na mtu angesoma riali elfu nne na mia tano, ambazo ni zaidi ya dola 11,000. Kwa dera!

Bosi hajatulia. Anataka 15,000/=, kama kwenye kitabu chake cha risiti. Kivinjari hakiijui /=, kwa hiyo nimeibandika kwa mkono. Kwenye simu nyembamba ikakosa nafasi, ikashuka mstari wa chini na kutua jirani na neno "Saizi". Mteja wa Tandika akauliza kama saizi /= inamtosha mtu mnene.

Bosi, ambaye hajawahi kupoteza mteja, akamjibu: "Ni fri saizi, mpenzi."