Sifa za Migongo ya Bati

Simba ameshasifiwa vya kutosha, na Kilimanjaro ina kadi zake za posta. Hata vumbi la Afrika limepata wapiga picha wa kulipendezesha jua linapozama. Lakini nani amewahi kuitungia sifa ile migongo midogomidogo inayopangana barabarani kama bati la kuezekea, ambayo humfanya mwendesha pikipiki anayetoka Cairo kwenda Cape Town amtaje Mungu kila nusu mita? Padri gani ana matokeo ya namna hiyo?

Tuanze na nasaba, maana ni safi. Migongo haikujengwa kwa mkopo. Haikutangaziwa zabuni, hakuna waziri aliyeikatia utepe, wala mkandarasi aliyekula malipo ya awali akazima simu. Imejengwa na magurudumu, yaani imejengwa na sisi. Mwaka 2007 wanasayansi walichapisha matokeo ya jaribio la kuviringisha gurudumu juu ya mchanga uliosawazishwa, na ikaonekana kwamba mwendo ukishavuka kiwango fulani, migongo hujichonga yenyewe, hata gurudumu lisipokuwa na springi. Gurudumu hukuta kijituta kisichoonekana, huruka, hutua mbele kidogo na kuchimba, na anayekuja nyuma huzidisha. Kwa hiyo yule anayemlaani mhandisi huku meno yakigongana ndani ya helmeti ndiye mhandisi, tena yuko kazini bila mshahara. Hebu nitajie mradi mwingine wa umma ulioshirikisha wananchi kiasi hicho. Serikali ikileta greda, migongo hainung'uniki. Husubiri greda iishilizie, kisha huanza upya.

Tena ni mkaguzi asiyepokea chai. Fundi wa mjini atakuambia pikipiki iko sawa, ulipe, uende. Migongo haitaki maneno. Hupitia nati moja baada ya nyingine. Kioo cha pembeni hulegea kwanza, kikaanza kukuonyesha tumbo lako mwenyewe badala ya lori lililo nyuma. Kisha kibao cha namba huchanika penye tundu la bolti, kikaning'inia upande mmoja na kupiga makofi. Mwisho ni keria: ufa mwembamba kama unywele kwenye kona ya bomba, mahali palepale fundi alipochomelea kwa haraka na kuficha kwa rangi nyeusi. Baada ya hapo utajifunza thamani ya tyubu kuukuu iliyokatwa vipande virefu, ambayo kijana wa bodaboda amekuwa akifungia mizigo yake miaka yote bila kuhitaji masanduku ya alumini.

Na falsafa je? Wahenga waliosema haraka haraka haina baraka ni wazi hawakupita jangwa la Dida Galgalu, kaskazini mwa Kenya, kwa pikipiki. Ukienda thelathini, figo zinabadilishana nafasi. Ukithubutu themanini, gurudumu linagusa vilele tu, usukani unatulia, na unaanza kuamini kwamba umesamehewa dhambi. Kuna dosari ndogo: gurudumu lisilogusa ardhi halina breki wala kona, na ngamia hawajaarifiwa. Lakini nani mwingine anakupa uhuru wa kuchagua kati ya kuteseka polepole na kufa raha mustarehe?

Theresa Wallach na Florence Blenkiron waliondoka London Desemba 1934 kwa pikipiki ya Panther, wakavuka Sahara, wakafika Cape Town Julai 1935. Tungewakumbuka leo kama wangeteleza juu ya lami mwanzo hadi mwisho? Sifa za wasafiri wakubwa, nusu yake ni mali ya njia mbovu, na njia haijawahi kudai hata senti.

Ndiyo maana Moyale, mpakani mwa Kenya na Ethiopia, pananisikitisha. Zamani, kutoka Isiolo mpaka pale, karibu kilomita 500, abiria walikaa juu ya malori siku mbili au zaidi, na mwendesha pikipiki aliyefika mpakani na shokapu zote mbili zikiwa nzima alitazamwa kwa wivu. Kisha zikaja fedha za China, za Umoja wa Ulaya na za Benki ya Maendeleo ya Afrika, na kufikia 2017 lami ilikuwa imefika mpakani. Sasa mtu anatoka Isiolo asubuhi, anafika jioni, na hana la kusimulia. Wenyeji wanasema mgonjwa anafika hospitali na mbuzi wanafika sokoni wakiwa hai. Sawa, lakini hadithi je?

Mpenzi wa migongo asikate tamaa. Akitoka Isiolo, akifika Laisamis akate kushoto, njia ya Loiyangalani, zaidi ya kilomita 200, ile iliyotengenezwa ili mitambo 365 ya umeme wa upepo ipite kwenda Ziwa Turkana. Akaze kibao cha namba. Mayai anunue akifika.